Mzee alipata kiharusi cha mshipa kuziba, CT scan ya pili inasema damu imevuja kichwani. Ni dawa au ni nini?

Mpare_wa_Milimani

Wakuu habari za usiku, naombeni msaada hasa madaktari na manesi mliomo humu mana ukoo umegawanyika na simu zote zinaishia kwangu.

Mzee wangu ana miaka 67, mkulima wa tangawizi huku milimani Same, presha anayo miaka mingi na sukari iligundulika mwaka jana. Jumapili alfajiri aliamka upande wa kulia hauna nguvu, mdomo umepinda, anataka kusema maneno hayatoki. Kituo cha kwanza tulichompeleka tukakaa sana kusubiri gari na karatasi ya rufaa, mpaka anafika hospitali kubwa ilikuwa jioni. Wakampiga CT scan wakasema mshipa umeziba upande wa kushoto wa ubongo, hakuna damu iliyomwagika, akaanzishiwa aspirini na kidonge cha kolesteroli. Presha ilikuwa 190/100 na cha ajabu hawakumpa kitu cha kuishusha, walisema iachwe kwanza, baba mdogo alilalamika sana hapo.

Jumatatu mpaka Jumatano alikuwa anaenda vizuri, alishaanza kumtambua kila mtu, jina la mama akalitamka. Alhamisi usiku akabadilika. Akawa mzito, analala muda wote, ukimwita anafungua jicho kidogo anarudi. Ijumaa wakarudia kipimo, ripoti inasema kwenye lile eneo lililokosa damu sasa kuna damu imevuja, wameandika HI2. Aspirini wakaisimamisha hapohapo.

Sasa baba mdogo anasema aspirini ndo imepasua mishipa, walimlainisha damu mpaka ikamwagika, anataka tufungue kesi. Shangazi anataka tukodi ambulensi ahamishiwe Muhimbili akapasuliwe kichwa. Mwingine anasema ni kiharusi cha pili na akipata cha tatu ndo basi. Mimi sielewi, inakuwaje mtu aliyeambiwa damu imeganda baada ya siku chache aambiwe damu imevuja? Hiyo HI2 maana yake nini? Na hiyo aspirini ndo asiiguse tena maisha yake yote? Daktari wa wodi alipita haraka sana leo sikupata nafasi ya kumuuliza vizuri.

Kisiki_cha_Mpingo

Pole sana mkuu, Mungu amsimamie mzee. Nafuatilia hapa, baba mkwe wangu nae anameza hiyo aspirini.

Dokta_wa_Zamu

Pole ndugu yangu, na mpe mama pole. Nafanya kazi wodi ya magonjwa ya ndani, viharusi tunaviona mno, na swali la baba yako mdogo naulizwa mara nyingi na ndugu za wagonjwa kwahiyo nitaandika kirefu kidogo, ila jua siwezi kumtibu mzee kupitia simu, haya ni ya kukusaidia wewe kuongea na wanaomuona.

Kwanza hicho sio kiharusi cha pili. Ni kilekile cha Jumapili kimefika hatua nyingine. Mshipa mkubwa ukiziba, kinachokufa sio seli za ubongo peke yake, hata vile vimishipa vidogovidogo vilivyomo ndani ya eneo hilo vinakosa oksijeni na kuta zake zinalegea. Vimishipa vya ubongo kwa kawaida vimebana kuliko vya sehemu nyingine nyingi za mwili, havipitishi vitu hovyo, sasa vikishaumia ile kinga inaondoka. Halafu mwili wenyewe unaanza kulimeng'enya lile bonge la damu lililoziba mshipa, au damu inatafuta njia za pembeni, damu inarudi mahali ambapo kuta zake zimeshaharibika, inapenya nje. Nyie wa Upareni mna ndiva (mabwawa ya maji ya kumwagilia) na mifereji, mfereji ukikauka kiangazi kizima kingo zinapasuka nyufa, siku ukifungulia ndiva sio maji yote yanafika shambani mengine yanapotelea njiani kwenye zile nyufa. Ndo kilichotokea kwa mzee. Kwahiyo kuziba na kuvuja havipingani, kimoja kimezaa kingine, na kile kipimo cha Jumapili hakikukosea, siku ile kweli damu haikuwepo nje ya mshipa.

Inatokea hata kwa mtu ambaye hajameza kidonge hata kimoja. Wanaokuwa kwenye hatari zaidi ni wale ambao eneo lililokufa ni kubwa, wenye umri mkubwa, wenye sukari iliyopanda, presha iliyopanda sana, na wale ambao bonge lilitoka kwenye moyo unaopiga bila mpangilio. Mzee wako ana kadhaa kati ya hizo.

Kuhusu aspirini. Mwaka 1997 yalitoka majaribio mawili makubwa, moja la nchi nyingi na jingine la China, ukijumlisha ni wagonjwa kama 40,000 wa kiharusi waliopewa au kutopewa aspirini mwanzoni kabisa. Kwenye kila watu 1,000 waliopewa waliongezeka kama 2 waliovuja damu kichwani, hilo lipo na halifichwi, lakini hata ukiwahesabu hao bado walibaki kama 9 walioepushwa na kiharusi kingine au kifo. Ndo mana duniani kote mtu mwenye kiharusi cha kuziba, CT scan ikishaonyesha hakuna damu, anaanzishiwa aspirini ndani ya masaa 48. Walichofanya ni utaratibu wa kawaida, na kuisimamisha walipoona damu wakati wanatafakari nako ni sawa. Mwambie baba mdogo aweke kesi pembeni kwanza, kama kuna mahali pa kuuliza maswali ni yale masaa mliyopoteza kusubiri gari.

Presha nayo. Mtu ambaye mshipa umeziba na hajapewa dawa ya kuyeyusha bonge, mwili unapandisha presha makusudi kusukuma damu ifike kwenye sehemu ya ubongo iliyo njaa lakini haijafa. Ukiishusha ghafla unaua na hiyo iliyobaki. Kwahiyo siku za mwanzo tunaiacha mpaka ivuke 220/120 ndo tunaingilia, labda kama kuna sababu nyingine kama moyo au figo. 190/100 wasingeigusa hospitali yoyote inayofuata utaratibu. Sasa hivi kwa kuwa damu imeonekana watakuwa wakali zaidi na presha, usishangae wakianza kumpa dawa.

HI2 sasa. Hizo herufi ni namna ya kupima damu imevuja kiasi gani. HI ni damu ya madoadoa ndani ya eneo lililokufa, haijakusanyika kuwa bonge na haisukumi ubongo. HI1 ni vidoa vidogo vya pembezoni, HI2 vidoa vimeungana. Halafu kuna PH, hiyo ni damu iliyokusanyika ikawa bonge kabisa, PH1 bonge halizidi 30% ya eneo lililokufa, PH2 limezidi hapo na linasukuma ubongo kwenda upande wa pili. PH2 ndo inayotutisha, ndo inayoua.

Na hapa naomba usome taratibu. HI2 mara nyingi haimfanyi mtu awe mzito. Wengi wanakuwa nayo na hawabadiliki kabisa, tunaikuta tu kwa kurudia kipimo. Kwahiyo mzee aliyekuwa anataja jina la mama Jumatano halafu Alhamisi hafungui macho, mimi nisingeridhika kuambiwa ni hiyo damu tu. Ningeuliza mengine. Ubongo umevimba? Uvimbe unafika kilele kati ya siku ya tatu na ya tano, na mzee yupo hapohapo. Ana homa? Kifua kinakoroma? Sukari ikoje usiku, imeshuka au imepanda? Chumvi ya kwenye damu imepimwa? Kuna degedege la chinichini, jicho linacheza au mkono unatikisika kidogo? Kesho muulize daktari hivi hivi: je mmeridhika kwamba hiyo HI2 ndo imemfanya awe hivi, au kuna kingine mnakitafuta? Ni swali la heshima kabisa na daktari makini hatachukia.

Muhimbili kupasuliwa, kwa HI2 hakuna cha kupasua, hakuna bonge la kutoa. Ingekuwa PH2 inayosukuma ubongo ningekwambia piga simu sasa hivi waongee na madaktari wa upasuaji wa ubongo kule MOI, taasisi ya mifupa na ubongo hapo Muhimbili. Kumpandisha mtu mzito kwenye gari kutoka huko mpaka Dar kwa jambo lisilohitaji upasuaji, anaweza kutapika njiani akavuta matapishi kwenye mapafu, hiyo nayo ni hatari yake.

Tumaini_Tele

Poleni sana ndugu zangu. Mimi nina njia mbili zimesaidia watu. Ya kwanza mtu akianguka kiharusi chukua sindano safi mtoboe ncha za vidole vyote kumi atoke tone la damu, presha ya kichwani inashuka. Ya pili achanganyiwe kitunguu saumu na tangawizi mbichi na asali asubuhi na jioni, inasafisha mishipa, na tangawizi kwenu ipo ya kumwaga. Hospitali wanatibu ila asili inamaliza.

Dokta_wa_Zamu

@Tumaini_Tele najua umeandika kwa nia njema ila hapana, zote mbili. Ile ya kutoboa vidole imezunguka WhatsApp miaka mingi, tone la damu ya kidoleni halina uhusiano wowote na kilichoko ndani ya fuvu, inachofanya ni kupoteza muda ambao mtu angekuwa barabarani kwenda hospitali. Nimepokea wagonjwa wana vidole vimetobolewa na masaa yameshapita.

Na kitunguu saumu kwa wingi nacho kinapunguza uwezo wa damu kuganda. Kwenye mboga hakuna shida, lakini kumpa mtu ambaye sasa hivi kichwani kuna damu inavuja juisi nzito ya hiyo kitu asubuhi na jioni, huku madaktari wamesimamisha aspirini kwa sababu hiyohiyo, unarudisha kwa mlango wa nyuma walichokiondoa. Tena huyu mzee hata kumeza sidhani kama anameza vizuri.

Nesi_Mwanaidi

Nakazia hapo kwenye kumeza, Dokta umenitangulia. Mpare_wa_Milimani mdogo wangu, huyo baba anakulaje? Nani anamlisha?

Nauliza hivyo kwa sababu wodini ndo kitu kinachoniumiza roho kuliko vyote. Mgonjwa wa kiharusi upande mmoja wa koo nao unakuwa dhaifu, chakula badala ya kwenda tumboni kinateleza kwenye njia ya hewa na wakati mwingine hata hakohoi, kinaingia kimyakimya. Ndugu wanakuja saa ya kuona wagonjwa na chupa ya uji, wanampenda mgonjwa wao, wanamlaza chali wanamnywesha na kijiko. Siku ya tatu ya nne anaanza homa, anakoroma, anakuwa mzito. Kila mtu anasema kichwa, kichwa, kumbe ni nimonia.

Kabla mgonjwa wa kiharusi hajapewa hata maji anatakiwa ajaribiwe kumeza, akalishwe wima, apewe kijiko kidogo cha maji, aangaliwe kama anakohoa, kama sauti inakuwa ya majimaji. Akishindwa awekewe mpira wa puani wa kulishia mpaka apate nguvu. Wodi nyingi manesi tupo wachache, mgonjwa mmoja kwa nesi ni ndoto, kwahiyo hiki kipimo kinarukwa. Nyie ndugu ndo mkiulize. Na muulize pia kama anageuzwa kila baada ya masaa mawili, asije akapata vidonda vya mgongoni juu ya yote hayo.

Kisiki_cha_Mpingo

Dokta samahani naingilia, nimesikia Ulaya mtu akipata kiharusi anachomwa sindano bonge linayeyuka anaamka anatembea. Kwanini mzee wa jamaa hakupewa? Na hiyo sindano si ndo ingevujisha damu zaidi?

Dokta_wa_Zamu

Swali zuri mkuu. Ipo, inaitwa alteplase, na hata Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu. Lakini ina dirisha la masaa 4 na nusu kuanzia dalili zilipoanza. Mzee aliamka nayo, maana yake hakuna anayejua ilianza saa ngapi usiku, hesabu inaanzia mara ya mwisho alipoonekana mzima, na akafika jioni. Hata ingekuwepo kabatini wasingempa, labda hospitali yenye MRI ya kuonyesha kwamba kiharusi ni kibichi. Pia bei yake ni kubwa na huku kwetu hospitali zinazoitoa ni za kuhesabu.

Na uko sahihi, inavujisha. Kwenye jaribio la Marekani la 1995 lililoifanya ikubalike, waliopewa walivuja damu ya kuwazidishia hali 6.4%, wasiopewa 0.6%. Ni tofauti kubwa. Lakini waliopewa bado walikuwa na nafasi ya angalau 30% zaidi ya kufika miezi mitatu wakiwa hawana ulemavu au wana kidogo sana. Ndo mana mtu akipewa anakaa chini ya uangalizi mkali, presha ishushwe chini ya 185/110 kabla ya sindano na ibaki chini ya 180/105 siku nzima baada yake, na aspirini haiguswi mpaka masaa 24 yapite na CT scan irudiwe. Na kadri unavyochelewa, damu inarudi kwenye ubongo ulioharibika zaidi, inavuja zaidi. Dirisha halikuwekwa kwa ajili ya kubania watu.

BintiKilindini

Assalam aleikum, mimi niko Mombasa. Pole sana ndugu yangu. Nimesoma yote na nataka nieleze yaliyompata mamangu kwa sababu yeye alipata ile kubwa, ile PH2, ili mjue tofauti yake ilivyo.

Mamangu alibadilishwa vali ya moyo zamani kwa ajili ya maradhi ya moyo ya utotoni yale yaanzayo na koo, akawekwa vali ya chuma, na mwenye vali ya chuma ni wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yote. Alikosa dawa kwa muda, bonge likaruka kutoka moyoni likaziba ubongo. Akalazwa, wafarini ikaanzishwa tena. Yeye hakuwa mzito polepole kama babako. Alikuwa akizungumza nasi adhuhuri, akashika kichwa akalia kwamba chaniuma chaniuma, akatapika kwa nguvu, na kabla daktari hajafika alikuwa hajitambui. Presha ikapanda juu sana. Wakamkimbiza CT scan, sehemu ilokuwa nyeusi kwenye picha ya mwanzo sasa imejaa weupe. Hapo hakuna aliyesema tusubiri, wakamtoa wafarini, wakamtia vitamini K na plasma ya kurudisha damu igande, akaenda ICU. Wapasuaji walimtizama wakasema akizidi kushuka watamfungua fuvu kupunguza msukumo, alhamdulillahi hakufika huko.

Lililokuwa gumu kwetu ni lililofuata. Kila siku twamuuliza daktari, huyu wafarini atarudi? Asiporudi vali itaganda, akirudi atavuja. Nilikasirika, nikaona hawajui wafanyalo. Kumbe walikuwa wakipima kila upande, wakarudia picha kuona damu yatoweka, kisha wakarudisha taratibu na damu yapimwa kila mara. Leo mamangu yuko, mkono wa kushoto haukurudi sawa lakini aswali, kaketi kitini, na maneno yake hayajapungua hata moja.

Kwahiyo ukiona babako analia kichwa kwa ghafla, anatapika, jicho moja mboni yake yawa kubwa kuliko ya pili, usingoje saa ya daktari kupita. Piga kelele hapo hapo.

Mpare_wa_Milimani

Asanteni sana ndugu zangu, nimewasomea wote nyumbani kwa sauti. Naleta mrejesho.

Asubuhi nimeenda mapema nikamngoja daktari mlangoni nikamuuliza lile swali kama lilivyo, mmeridhika kwamba HI2 ndo imemfanya awe hivi. Alisimama, akarudi kitandani akamsikiliza kifua muda mrefu, akaomba eksirei. Homa 38.6 na kwenye faili ilikuwa imeandikwa tangu usiku. Pafu la kulia chini limejaa. Na Nesi Mwanaidi umenisomea nyumba yangu, mama mwenyewe alikuwa anamnywesha uji wa ulezi asubuhi na jioni, amelala chali na mto mmoja, hakuna aliyemwambia asifanye hivyo. Wamemwekea mpira wa puani, dripu ya antibayotiki na oksijeni, sukari ilikuwa 17 wameanza insulini. Daktari amesema ubongo umevimba kidogo pia ila sehemu ya katikati ya ubongo haijasukumwa upande, ile damu ni ya madoadoa na watarudia picha wiki ijayo au mapema akibadilika. Jioni hii ameufinya mkono wangu nilipomwambia aufinye.

Mama amelia sana kuhusu uji, kama kuna mtu ana neno la kumwambia naomba.

Shangazi amekubali tusiende Dar. Baba mdogo bado. Swali langu lililobaki ni lile la aspirini, itarudi lini, na moyo wake wamesema watapima umeme wake Jumatatu, huo unahusiana nini na kichwa?

Nesi_Mwanaidi

Mwambie mama hivi kutoka kwangu: mgonjwa wa kiharusi anaweza kupata nimonia hata asipolishwa kitu, kwa mate yake mwenyewe tu, ndo koo lilivyo dhaifu. Kumwambia ndugu asimlishe mgonjwa chali ni kazi yetu sisi, sio kazi yake kujua. Na uji wake utarudi, kupitia mpira hospitali watamwelekeza auchuje vipi uwe mwepesi na kiasi gani kwa mara moja, kichwa cha mzee kiwe kimeinuliwa na kikae hivyo nusu saa nzima baada ya kulishwa. Akianza kumeza tena mwanzoni atapewa vitu vizitovizito, maji matupu ndo yanakuwa ya mwisho kwa sababu yanakimbia haraka kwenye koo kabla halijajipanga. Wengi wanaelewa kinyume.

Dokta_wa_Zamu

Safi sana, umefurahisha siku yangu. Homa na sukari vikitulia siku mbili tatu hizi mtaona uzito unapungua, ingawa asipobadilika au akirudi nyuma wasisite kurudia picha.

Aspirini kurudi inategemea damu ni kiasi gani. Kwa HI, ile ya madoadoa, madaktari wengi hawaikatishi kabisa au wanaisimamisha muda mfupi wakaendelea, kwa sababu hatari ya kuziba tena kwa mzee mwenye presha na sukari ni kubwa kuliko hatari ya hivyo vidoa kukua. Kwa PH kubwa tunasubiri zaidi, wiki kadhaa, picha irudiwe kwanza. Kwahiyo jibu la maisha yote ni hapana, na asikae bila dawa kwa sababu kuna ndugu amesema. Muulize daktari tarehe, aiandike kwenye faili na kwenye karatasi ya kuruhusiwa, mana nimeona watu wametolewa hospitali dawa imesimamishwa hakuna aliyeandika irudi lini, baada ya miezi wanarudi na upande wa pili umekufa.

Moyo sasa. Wanatafuta kama unapiga bila mpangilio. Moyo wa hivyo damu inatuama kwenye kona ya chumba cha juu kushoto, inaganda, bonge linaruka kwenda kichwani. Mabonge ya moyo ni makubwa, yanaziba mishipa mikubwa, na ndo hayo yanayoongoza kwa kuvuja baadae. Kipimo kimoja cha dakika moja kikitoka safi bado hakijamaliza neno, inaweza kuja na kuondoka, waombe wamsikilize mapigo mara kwa mara wakiwa wanapima presha, na ikiwezekana eko ya moyo, ile picha ya mawimbi ya sauti, ifanyike.

Wakiikuta, basi aspirini haitoshi, atahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda yenye nguvu zaidi, na hapo muda wa kuanza ndo mtihani. Zamani tulikuwa tunasubiri mpaka wiki mbili kwa kiharusi kikubwa. Utafiti uliotoka 2023 ulionyesha kuanza mapema, ndani ya masaa 48 kwa kiharusi kidogo na cha kati na siku ya sita au saba kwa kikubwa, hakukuongeza kuvuja. Ila hayo ni kwa mtu ambaye damu haijavuja sana, kwa mzee ambaye picha imeonyesha HI2 na ana nimonia juu yake, watakaoamua ni wanaomuona na ile picha ya wiki ijayo.

Aina ya dawa pia muulize. Kama vali za moyo ni nzima kuna hizi mpya, apixaban na rivaroxaban, hazihitaji kupima damu kila mara ila bei yake ipo juu kidogo na figo zipimwe kwanza. Kama eko itaonyesha vali imebana kwa yale maradhi ya utotoni aliyoyasema dada wa Mombasa, hapo ni wafarini, kuna utafiti wa 2022 ulilinganisha na rivaroxaban kwa wagonjwa hao na wafarini ikashinda hata kwenye vifo. Akipewa wafarini lazima kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, kiwe kati ya 2 na 3, chini ya hapo anaganda juu ya hapo anavuja. Kwahiyo kabla hajaruhusiwa ulizeni hospitali ya karibu na nyumbani kama wanapima INR, kama hawapimi pangeni mapema nani atakuwa anamshusha mzee kutoka milimani na nauli itatoka wapi, mana mwanzoni kipimo kinakuwa cha mara kwa mara mpaka dozi itulie.